Mbacha na Msala Upitao: Kuusoma Mkeka wa Rufiji

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumezoea kuitoa penye ugomvi wa ndoa, mtu anapoonywa asimtupe wa zamani kwa ajili ya mpya asiye wake. Kwa kuizoea hivyo tumesahau kwamba maneno yake mawili makuu ni majina ya vitu vya kusuka. Mbacha ni mkeka uliokwisha kuchakaa. Msala ni mkeka wa kusalia. Aliyeitunga methali alikuwa akiitazama sakafu ya nyumba yake, na sitashangaa akiwa mwanamke, maana aliyesuka ndiye aijuaye tofauti ya vitu hivi viwili kwa vidole vyake.

Kurasa za namna hii huhakiki diwani, tenzi na tafsiri. Leo naomba radhi ya msomaji nihakiki mkeka. Ila sitaweza kuuhakiki mkeka kabla ya kuuhakiki ubeti niliouandika juu yake, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilipoutazama mkeka wa Rufiji uliotandikwa chumbani mwa marehemu mama yangu. Ubeti wenyewe ni huu:

Mkeka wenye mauwa, umetandikwa chumbani,
Umepambwa kwa muruwa, rangi zake za shambani,
Weusi umekolewa, kama wino wa dukani,
Msusi amejaliwa, kipaji toka zamani.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina havikukosea. Mhariri aliupokea, na wasomaji wawili watatu wakaniandikia kuusifu. Nami niliishi na sifa hiyo kwa raha mpaka siku nilipofika Mbwara.

*

Mtu wa visiwani aendaye Mbwara hushuka Dar es Salaam, akashika njia ya kusini, akapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, kisha akauvuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, magari na watu walingoja kivuko cha Ndundu, na mikeka iliyokuja kwetu ilingoja pamoja nao. Kandokando ya njia hiyo mikeka huning'inizwa kwa ajili ya wapita njia. Dereva hupunguza mwendo, abiria huchungulia dirishani, na mara nyingi huo ndio uhakiki wote ambao kazi hii huupata: unapendeza, haupendezi, bei gani, punguza.

Nilipelekwa kwa bibi mmoja msusi ambaye wenziwe walimtaja kuwa ndiye asiyekosea ukili. Aliniomba nisimwandike jina, nami natii. Sababu yake nitaitaja mbele. Nilimwamkia, akaitika, akaniketisha juu ya mkeka. Nilipokwisha kueleza kilichonileta, nikamsomea ubeti wangu, kwa majivuno yaliyofichwa vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaupapasa mkeka tulioukalia, akaniuliza: “Mwanangu, hayo maua umeyaona wapi?”

Nikatazama. Palikuwa na mistari iliyokwenda mshazari, pembe zilizokutana na kuachana, vijisanduku vyeusi ndani ya vyeupe. Ua hapakuwa na hata moja.

*

Basi kosa la kwanza ni maua, nalo lina chimbuko. Sisi watu wa pwani jicho letu la nakshi limelelewa na kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Na ndani ya mji na pindo mmea una makao yake tangu zamani: nanasi, karafuu, waridi, jani la mpapai, na hasa korosho. Hilo umbo la korosho lina kisa kizuri. Lilitoka Iran na Kashmir, likaenda Ulaya kwa shali za biashara hata likapewa jina la mji wa Paisley huko Uskochi, ambako shali hizo ziliigwa. Lilipofika kwetu, hapakuwa na aliyelijua kwa majina hayo. Wanawake walilitazama, wakaona korosho. Na mkorosho wenyewe ni mgeni, aliyeletwa na Wareno kutoka Brazili. Hivyo umbo lisilo letu likasomwa kwa mti usiokuwa wetu, na kwa kusomwa hivyo vyote viwili vikawa vyetu. Mwenye kudhani kwamba utamaduni ni kuzuia mlango, na aitafakari korosho ya kanga.

Lakini kanga huuonyesha mmea tu. Haijatengenezwa kwa korosho wala kwa nanasi. Ni pamba iliyofumwa na kupigwa chapa kiwandani. Mombasa ina duka la Mali ya Abdulla, lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887; Dar es Salaam ilipata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968. Mchoraji wa kanga aweza kuchora mkarafuu bila kupata kuugusa, wala hakosi kitu katika kazi yake, maana kazi yake ni picha na maneno.

Mkeka ni habari nyingine. Mkeka hauonyeshi mmea kwa sababu mkeka ni mmea. Chane zake ni majani ya mkindu, ule mtende wa mwituni upendao penye majimaji, ambao wataalamu huuita Phoenix reclinata. Au ni miyaa, yaani majani ya mkoche. Huchukuliwa jani changa lililo bado kufunguka. Huanikwa hata likawa jeupe, likachanwa kwa ukucha au kisu, likapangwa kwa upana, ndipo likasukwa kuwa ukili. Ukili ni utepe mrefu mwembamba. Ukisha kutosha huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Mtu akitaka kuweka ua juu ya kitu kilichosukwa hivyo, chane zenyewe zitamkatalia. Chane hupita juu na chini, kulia na kushoto. Umbo lizaliwalo humo ni la pembe. Nakshi ya mkeka hutoka katika tabia ya jani, kama vile bahari za mashairi yetu zilivyotoka katika tabia ya silabi za Kiswahili, zinazokwisha kwa irabu na kuhesabika bila taabu.

Kwa hiyo nilipoandika “mkeka wenye mauwa” nilikuwa nikiusoma mkeka kwa macho ya kanga. Mshairi aliyefanya hivyo ni sawa na mhakiki anayeusoma utenzi kwa kanuni za riwaya.

*

Naomba tuukalie zaidi huo mkeka wa bibi, maana ndio hasa wa kuhakikiwa. Ulikuwa mkeka wa kulalia, wa rangi tatu: weupe wa ukindu wenyewe, weusi, na wekundu uliokaribia kahawia. Kila ukili ulikuwa na mstari mweusi wa mshazari, na ukili wa pili uliposhonwa kando ya wa kwanza, mstari ule ulikutana na mwenziwe ukaendelea, mshono ukapotea machoni. Jambo hili ni zito kuliko lionekanavyo. Ukili husukwa siku nyingi kabla ya mshono, dhiraa kwa dhiraa, pasipo kuuona mkeka. Msusi anaposuka leo, sharti ajue mstari huu utaangukia wapi utakapokutana na utepe wa juma lijalo. Chane moja ikizidi, mistari haikutani, nao mkeka, kwa maneno ya bibi, “huwa na kigugumizi.”

Pembeni palikuwa na mahali pamoja ambapo mistari haikukutana. Nikamwonyesha, nikidhani nimekamata kosa. Akasema kwamba siku hiyo alikuwa na msiba, akasuka ili mikono ipate kazi. Alipokuja kushona akaliona, akaliacha. Sikuandika zaidi juu ya hilo. Ila niliporudi kwenye mashairi yetu, yale ya wakubwa na haya yetu madogo, nimekuwa nikijiuliza ni mizani gani zilizovunjika kwa uzembe, na ni zipi zilizoachwa zivunjike kwa sababu.

Palikuwa na mkeka wa pili, wa binti yake, uliotiwa rangi za unga za dukani: zambarau, kijani, manjano kali. Ingekuwa rahisi kuudharau, na wako waandishi ambao wangefanya hivyo upesi, kwa kuwa kwao cha zamani ni chema na cha dukani ni kibovu. Uhakiki wa haki hauendi hivyo. Mkeka wa binti ulisukwa kwa ustadi uleule. Mistari yake ilikutana pote. Zambarau iliwekwa kando ya kijani kwa ujasiri ambao mama mtu hakuwa nao. Upungufu wake niliuona mahali pamoja: rangi zote zilipiga kelele kwa sauti moja, hapakuwa na palipopumzika. Katika mkeka wa mama, weusi haukuwa mmoja. Ulianza na kahawia ya kahawa nyepesi, ukaenda ukikolea, hata ukafika kwenye weusi wa usiku. Nilipouliza sababu, ndipo nilipofika kwenye kosa langu la pili.

*

“Wino wa dukani” niliyoandika ilikuwa tusi, ingawa sikujua. Weusi ule ulitoka kwenye mdaa.

Mdaa ni kichaka cha jamii ya Euclea. Mizizi yake hupondwa na kuchemshwa pamoja na ukindu. Mchemsho mmoja hutoa kahawia. Wa pili hukoleza. Na anayetaka weusi kamili huongeza muda, na wengine hutumia tope jeusi la bondeni, kwa kuwa chuma kilichomo topeni hushikana na ukali wa magome na mizizi, rangi ikageuka. Wekundu nao una miti yake. Magome ya mikoko, kama mkandaa na mkaka, hutoa wekundu wa kahawia, na delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu enzi za Wajerumani magome hayo yalikatwa na kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kusindika ngozi, yakipimwa kwa tani, ilhali msusi huhitaji kiasi cha kujaza sufuria tu. Nyumbani, karibu na kisima na jiko, ipo miti mingine ya rangi: mzingefuri wenye mbegu nyekundu, ambao asili yake ni Amerika, manjano, inayochimbwa kama tangawizi, na mhina, ambao kila bibi harusi anaujua.

Hapa yanipasa nikiri jambo. Mimi ni mfasiri niliyejifunza mwenyewe, kwa kamusi na taa ya chemli, na mfasiri wa namna hiyo hujivunia kwamba hakuna neno linalomshinda. Miaka ile niliombwa kuandika kwa Kiingereza maelezo mafupi ya vitu vya kusuka vilivyowekwa mahali pa maonyesho. Katika karatasi niliyopewa palikuwa na sentensi iliyosema ukindu umetiwa mdaa. Sikujua mdaa. Nikaliona neno hilo katika kamusi, limeelezwa kwa mstari mmoja kuwa mmea wa kutilia rangi nyeusi. Nami kwa haraka nikafasiri kuwa ukindu umetiwa rangi nyeusi. Mmea ukafa palepale katika kalamu yangu, na maelezo yale yakasomwa na watu wa mataifa mengi kwa miaka. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua kwamba kuna kilichopotea. Upotevu wa namna hii hauna kelele. Msitu ukikatwa, kisiki hubaki. Neno likiachwa, hata kisiki hakionekani.

Lau ningekuwa na bidii ningaliuliza. Vitabu vipo. R. O. Williams alichapisha Zanzibar mwaka 1949 kitabu kikubwa juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Bernd Heine na Karsten Legère walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wao wa mimea na majina yake ya Kiswahili. Ni kazi za kuheshimiwa. Lakini zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza, na kitabu huweza kuniambia kwamba mdaa hutia weusi bila kuniambia weusi huo una ngazi ngapi. Ngazi zile niliziona kwenye mkeka.

Na ajabu ni kwamba elimu hii si ya Rufiji peke yake. Katika kaskazini-magharibi ya Botswana, Ngamiland, wanawake husuka vikapu kwa majani ya mokola, ambao ni ndugu wa mkoche wetu, na huvitia rangi ya kahawia kwa mizizi ya motlhakola, ambao ni ndugu wa mdaa wetu. Ruwaza zao huuzwa kwa majina, mojawapo likiwa Machozi ya Twiga, na vikapu hivyo vimeingia katika majumba ya makumbusho. Mtende wa ukoo mmoja, kichaka cha jamii moja, sufuria moja ya moto, na kati yao safari ya majuma kwa miguu. Ama elimu hii ilisafiri zamani sana, ama mikono ya watu walio mbali iliuliza mimea maswali yaleyale ikajibiwa sawasawa. Kwa vyovyote iwavyo, neno “wino wa dukani” halikustahili kuwekwa hapo.

Hata hivyo bibi hakunifanya niabudu mdaa. “Binti yangu anunua unga kwa kuwa mimi nachimba,” alisema. Kuchimba mizizi ni kukiua kichaka, au kukidhoofisha. Kuni za kuchemshia hupatikana kwa kutembea. Na mnunuzi wa barabarani halipi zaidi kwa ajili ya mzizi asioujua. Sababu hizi ni za kweli, na mtu wa mjini hana haki ya kumwambia mwanamke wa Mbwara aendelee kuchimba ili yeye apate kufurahia ukale. Ukitaka mdaa udumu, ulipie jina lake. Na ili ulilipie, lazima kwanza ulijue.

*

Kosa la tatu limo katika kituo: “kipaji toka zamani.” Nilidhani nimemsifu msusi. Kumbe nilimnyang'anya.

Tumezoea kumwita mshairi “fundi” na msusi “mwenye kipaji.” La kwanza lina maana kwamba mtu alijifunza, la pili lina maana kwamba alizaliwa hivyo, kama mdudu afumaye utando. Bibi alinieleza kuwa alifundishwa na shangazi yake, ambaye kila jioni aliufumua ukili wake wote, akamrudishia chane mkononi. Alifumuliwa hata akalia. Alijifunza kuhesabu kabla ya kujua namba za skuli, kwa kuwa ukili ni hesabu. Alijifunza ni jani lipi la mkindu lichukuliwe na ni lipi liachwe, maana anayechukua moyo wote huutoa mti uhai, na mwakani hana pa kwenda. Kipaji hicho kilikuwa ni skuli yenye mwalimu, mitihani, adhabu na elimu ya mimea.

Lugha yetu inalijua hili kuliko sisi tunaoitumia. Tunasema kutunga shairi, na tunasema kutunga asumini katika uzi. Tunasema kusuka nywele, kusuka mkeka, na msuko wa hadithi. Na iko bahari ya ushairi tunayoiita msuko, ambayo kituo chake hufupishwa. Wazee walipotafuta maneno ya kueleza kazi ya mshairi, waliyachukua kwenye mikono ya wanawake. Sisi tuliochukua maneno tukaacha kuwataja wenyewe.

Na nchi ya Rufiji ina sababu zaidi ya kutufundisha adabu juu ya mimea na nguo. Ngarambe, alikotokea Kinjikitile Ngwale, ni Rufiji. Dawa yake ilikuwa maji pamoja na vitu vya shambani, mtama na mafuta ya mbarika. Na Vita vya Maji Maji vilipoanza, Julai 1905, kitendo cha kwanza cha watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi kilikuwa kung'oa pamba ya shamba walilolazimishwa kulilima. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na wengi wetu tulimjua kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Tumezoea kuisoma habari hiyo kama habari ya wanaume, bunduki na maji. Nami naomba isomwe pia kama habari ya mimea miwili. Pamba ililetwa kwa kiboko, ikang'olewa. Ukindu haukuletwa na mtu, wala hapakuwa na aliyeulazimisha, nao ungali unasukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya juu katika Operesheni Rufiji. Aprili 2024 maji yalifurika tena Rufiji na Kibiti, watu wakahama tena. Mwenye kuhama hawezi kuubeba mkindu. Hubeba alichokijua juu yake, naye akifa bila kukisema, hicho nacho kimezikwa.

*

Msomaji aweza kuuliza: tufanyeje basi? Mfano upo kwa jirani. Waganda hupanda mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, ndani ya migomba yao. Gome lake hubanduliwa, shina likafungwa kwa majani ya migomba lipate kuponya jeraha, na gome likapondwa kwa nyundo za mti hata likawa kitambaa laini chekundu cha udongo, waitacho olubugo. Hutumika katika kutawazwa na katika maziko. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake ya urithi usioshikika. Wasanii wa leo kama Sanaa Gateja wamekichukua kitambaa hicho wakafanyia sanaa ya ukutani inayoonyeshwa ulimwenguni. Lakini angalia kilichotangulia. Kabla ya orodha na maonyesho, Waganda walikuwa wanaujua mti kwa jina, walikuwa na ukoo wa Ngonge uliokabidhiwa kazi hiyo, na walikuwa na mti umepandwa bustanini. Orodha ilithibitisha walichokuwa nacho, haikuwapa.

Nasi tunacho cha kuanzia. Mkeka unapoandikwa katika kitabu au kuwekwa ukutani, usiandikwe “mkeka wa asili” tu. Yaandikwe majina: ukindu au miyaa, mdaa au unga, mkandaa au mzingefuri, Mbwara au Kibiti au kwingineko, na aliyesuka akiridhia. Walimu wa fasihi wanaowafundisha watoto mizani na vina wawaletee ukili darasani. Wataelewa upesi kwa nini silabi moja ikizidi, shairi zima linapata kigugumizi. Na mshairi atakayetia mmea katika ubeti aende akauone. Mdaa waweza kupandwa nyuma ya nyumba kama tulivyopanda mwasumini na mrehani. Bustani zetu za pwani zina nafasi ya manukato. Hazijakosa nafasi ya rangi.

Nilimwahidi msomaji sababu ya bibi kukataa kutajwa. Nilipomwomba jina alitikisa kichwa. “Ukinitaja mimi, aliyenifundisha umwache wapi? Naye ana aliyemfundisha. Wewe taja miti. Miti haigombani.”

Nikarudi visiwani nikauketia ubeti wangu. Nimeufumua kama shangazi alivyofumua ukili, nikasuka tena:

Ukili una hesabu, wenye kusoma someni,
Mdaa ndio sababu, weusi kushika jani,
Mikono yawa kitabu, kisichokuwa rafuni,
Majina kwetu wajibu, tuyataje hadharani.

Niliusoma kwa simu kwa yule bibi, binti yake akiwa ameshika simu karibu na sikio lake. Kulikuwa na kimya. Kisha akasema kwamba hilo la rafu hakulielewa, lakini mdaa nimeutaja, na maua nimeyaondoa. Kwa hiyo aonavyo yeye nimeanza kujifunza.